Kuzalisha Samaki wa Mapambo Nje ya Nyumba: Mwongozo Kamili kwa Mahali pa Joto

Samaki wengi wa mapambo asili yao ni mito na vinamasi vya ukanda wa joto. Anayewafuga kwenye nchi ya baridi hana budi kuwasha hita na taa karibu mwaka mzima. Ukiishi mahali ambapo maji ya beseni lililoachwa nje hayashuki chini ya nyuzi 22 usiku, joto na mwanga unavipata bure, pamoja na kitu ambacho ni vigumu kukipata ndani ya nyumba: maji ya kijani yaliyojaa chakula hai. Samaki mdogo aitwaye gapi, akilelewa nje, hukua haraka na rangi yake hukolea.

Kuwafanya wazae si kazi. Watazaa. Kazi ni kuyadhibiti mazingira: joto la saa nane mchana, oksijeni ya alfajiri, nani kapandana na nani, na nani kala vifaranga usiku. Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa ni huu: uwe na vyombo vingi vidogo badala ya bwawa moja kubwa, na uyaandae maji kabla hujatafuta samaki. Bwawa kubwa linapendeza machoni, lakini humo hujui kinachotokea mpaka uone samaki wanaelea.

Anza na wanaozaa vifaranga hai

Wapo samaki wanaotaga mayai, na wapo wanaozaa vifaranga walio hai, wanaoogelea na kula tangu siku ya kwanza. Kundi hili la pili ndilo la kuanzia: gapi, moli, plati na mkia-upanga. Jike hubeba mimba kwa takribani siku 21 hadi 30 kulingana na joto la maji, na gapi jike aliyekomaa huzaa kwa kawaida vifaranga 20 hadi 50 kwa mkupuo. Wote wanne hupenda maji magumu kiasi, yaani yenye madini ya kutosha, na pH (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) kati ya 7 na 8, na maji ya kisima ya sehemu nyingi huwafaa bila kurekebishwa.

Chagua aina moja, na ndani ya aina hiyo chagua rangi moja. Inavutia sana kununua kila rangi uionayo, najua. Lakini gapi wa rangi mbalimbali wakiishi pamoja, baada ya vizazi vichache utakuwa na kundi la samaki wa kijivu wenye madoa yasiyo na mpangilio, na kurudi nyuma ni kazi ya miaka. Plati na mkia-upanga nao huzaana wao kwa wao, kwa hiyo usiwachanganye kama unataka kuhifadhi aina.

Zingatia pia kwamba jike wa samaki hawa huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa. Akipandwa mara moja, anaweza kuzaa mara kadhaa bila kukutana tena na dume. Jike mkubwa uliyemtoa kwenye tangi la mchanganyiko tayari amebeba watoto wa madume usiowajua. Tafuta samaki wachanga kutoka kwa mfugaji anayetunza ukoo mmoja, au ukubali kwamba mizao ya mwanzo si ya dume uliyemchagua, uitenge na wala usiitumie kwa uzazi.

Vyombo na mahali pa kuviweka

Mapipa ya plastiki yaliyokatwa nusu, mabeseni makubwa, mabafu ya zamani, maganda ya friji mbovu yaliyolazwa chali, hata shimo lililotandikwa turubai nzito, vyote vinafaa. Lenga ujazo wa lita 100 hadi 300 na kina cha sentimita 40 hadi 60. Chini ya hapo joto hupanda na kushuka kwa kasi mno. Epuka chombo kilichowahi kubeba mafuta, dawa za kuua wadudu au kemikali yoyote, hata kama kimeoshwa vipi. Epuka pia mabati na shaba, kwa maana zinki na shaba zikiyeyuka ndani ya maji huua samaki.

Tangi jipya la saruji lina shida yake. Chokaa hutoka ukutani na kupandisha pH hadi kiwango cha kuunguza mashavu ya samaki. Lijaze maji, liache siku kadhaa, mwaga, jaza tena, na urudie kwa wiki kadhaa hadi kipimo kisizidi 8.5 baada ya maji kukaa.

Kwa kuanzia nashauri vyombo sita: cha wazazi, cha majike wachanga, cha madume wachanga, cha vifaranga, cha chakula hai, na kimoja cha karantini kilicho mbali kidogo na vingine. Huenda ukaona ni vingi, lakini ukiwa na viwili tu utalazimika kuchanganya samaki ambao hawapaswi kukutana.

Viweke mahali panapopata jua la asubuhi kwa saa nne au tano na kivuli kuanzia adhuhuri. Kama kivuli cha asili hakipo, tandaza juu yake neti ya kivuli inayozuia nusu ya mwanga. Usiviweke chini ya mti unaopukutisha majani au maua, kwa sababu yakioza yatakula oksijeni. Ukiweza kukichimbia chombo ardhini hadi theluthi mbili ya kimo chake, fanya hivyo: udongo huyatuliza maji yasichemke mchana wala kupoa ghafla usiku. Hili linasaidia hasa vyombo vyeusi, vinavyonyonya joto upesi. Gapi na wenzake hustawi kati ya nyuzi 24 na 28. Joto likikaa juu ya nyuzi 32 siku nyingi mfululizo, uzazi hupungua.

Toboa tundu la kufurikia sentimita tano chini ya ukingo na ulizibe kwa wavu laini. Mvua moja kubwa ya usiku inaweza kubeba mzao mzima ikauacha kwenye nyasi.

Maji kwanza

Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kuyatumia. Baadhi ya mamlaka za maji hutumia kloramini, ambayo haiondoki kwa kuachwa tu. Hiyo inahitaji sodiamu thayosalfeti au dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwa wafuga samaki. Maji ya mvua ni laini mno kwa samaki hawa. Yachanganye na ya kisima.

Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitriti, nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia na mimea huifyonza. Bakteria hawa huchukua wiki kadhaa kuenea kwenye chombo kipya. Nje kazi huwa nyepesi kidogo kwa kuwa mwani na mimea hufyonza amonia moja kwa moja, lakini usiruke hatua hii. Jaza chombo, tia mimea, mwagia ndoo moja ya maji na tope kidogo kutoka kwenye chombo chenye samaki wazima, kisha subiri wiki mbili au tatu.

Wakati huo wote mbu watakuwa wanakutafuta. Katika joto, yai la mbu linaweza kufika hatua ya mbu mzima kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi. Kwa hiyo funika chombo kwa chandarua, au tia gapi wawili watatu kabla wiki ya kwanza haijaisha. Watakula viluwiluwi vyote, na kinyesi chao kitawalisha bakteria wako. Chombo cha maji kisicho na samaki wala kifuniko ni hatari kwa majirani, na mfugaji ana wajibu hapo.

Kwa mimea, ninaupendelea Ceratophyllum: hauna mizizi, unaelea, unakua upesi, na majani yake membamba yaliyosongamana ndiyo maficho bora ya vifaranga. Mimea inayoelea juu nayo hutoa kivuli, ila isifunike zaidi ya nusu ya uso wa maji. Gugu maji liache kabisa. Limetoka Amerika ya Kusini likaziba maziwa na mito katika mabara mengi, na nchi nyingi zimelipiga marufuku.

Chakula hai

Hapa ndipo ufugaji wa nje unapoupita ule wa ndani. Kifaranga aliyezungukwa na chakula kinachotembea hula mchana kutwa, kidogo kidogo, bila kuchafua maji. Anayelishwa unga wa chakula mara mbili kwa siku hushiba, hukaa na njaa, na mabaki huoza chini.

Anza na maji ya kijani. Chukua maji ya zamani kutoka kwenye chombo cha samaki, yaweke juani, na utumbukize kifuko chenye kiganja kimoja cha samadi ya kuku iliyokauka vizuri. Baada ya siku chache yatageuka kijani. Huo ni mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao ni chakula cha moina.

Moina ni kijidudu cha jamii ya kamba, kidogo sana, anayerukaruka ndani ya maji. Anafanana na dafnia lakini ni mdogo zaidi na anastahimili joto vizuri zaidi, ndiyo maana kwa mahali pa joto ninamchagua yeye. Huanza kuzaa akiwa na umri wa siku chache tu, na jike huzaa bila dume hali ikiwa nzuri. Pata mbegu yake kwa mfugaji mwingine, itie kwenye maji ya kijani, na maji yakianza kupoteza ukijani ongeza hamira kavu iliyoyeyushwa, kiasi cha kuyafanya yawe na ukungu kidogo tu. Ukizidisha, maji yatanuka na moina wote watakufa usiku mmoja. Vuna robo ya idadi yao kila siku kwa wavu wa kitambaa laini. Usipowavuna husongamana, chakula huwaishia na wingi wao huporomoka. Weka mbegu ya akiba kwenye chombo cha pili, maana kuporomoka kwa namna hiyo hakukosekani.

Viluwiluwi vya mbu ni chakula bora kwa wazazi, lakini vivune kutoka chombo unachokikagua kila siku. Artemia, kijidudu kingine cha jamii ya kamba, hufaa pale unapotaka uhakika: mayai yake huanguliwa kwa takribani saa 24 katika maji ya chumvi ya gramu 25 hadi 35 kwa lita, yenye hewa na joto la nyuzi 25 hadi 28. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kulisha.

Chakula kikavu kipunguze. Kiishe ndani ya dakika mbili. Kosa la kulisha kupita kiasi huadhibiwa zaidi nje kuliko ndani, kwa sababu ya kemia ya mchana: mwani ukifanya kazi juani hunyonya kaboni dioksidi na pH hupanda. Kadiri pH na joto vinavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa ile aina yenye sumu kali. Chombo kilichoonekana salama asubuhi kinaweza kuua saa tisa alasiri.

Kuwapandisha na kuchagua

Weka dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Madume wakizidi, hawampi jike nafasi ya kupumua. Jike aliye karibu kuzaa huwa na tumbo lenye kona kama sanduku, na doa jeusi karibu na mkundu hupanuka. Mhamishie kwenye chombo chenye mimea mingi, na akishazaa mrudishe, la sivyo atakula watoto wake. Ukipenda njia nyepesi zaidi, jaza Ceratophyllum kwenye chombo cha wazazi na uvue vifaranga kila asubuhi kwa kikombe. Utapoteza wachache, ila jike hatasumbuliwa. Vile vijisanduku vidogo vya kuzalia sivipendekezi nje. Maji ndani yake hupata joto haraka na jike huhangaika.

Kutenganisha jinsia ndiyo kazi isiyosubiri. Tazama pezi la chini lililo nyuma ya tumbo: la jike hubaki pana, la dume hurefuka na kuchongoka. Katika maji ya joto mabadiliko hayo huonekana kuanzia wiki ya tatu au ya nne. Yule ambaye pezi lake limeanza kuwa jembamba mtoe siku hiyo hiyo. Ukichelewa wiki mbili, majike wako hawatakuwa wanawali tena na mpango wa kuchagua utaanza upya.

Acha madume wakue hadi miezi mitatu au minne ndipo uchague. Usimchague aliyetangulia kupata rangi. Mara nyingi yeye ndiye mwenye mwili mdogo. Tafuta mgongo ulionyooka, mwili mnene, mkia usiochanika, na rangi inayolingana pande zote mbili. Kwa majike tazama ukubwa na umbo. Andika tarehe, wazazi na idadi kwenye daftari, kisha uandike namba ya chombo kwa rangi isiyofutika. Hifadhi koo mbili za rangi moja na uzikutanishe kila baada ya vizazi vichache ili damu isidhoofike.

Kuna somo kutoka Trinidad linalomhusu kila mfugaji wa nje. Mwanabiolojia John Endler aliwachunguza gapi wa vijito vya kisiwa hicho, na mwaka 1980 alichapisha matokeo yake: mahali penye samaki wala-gapi wengi, madume huwa na rangi hafifu, na mahali pasipo maadui wakali rangi hushamiri. Anayeonekana ndiye anayeliwa. Ukiwaachia ndege na wadudu chombo chako, wataanza na madume wako wazuri kuliko wote, na watoto watazaliwa na wale waliofichika.

Wanaowala

Ndege kama mdiria, na paka pia, huzuiwa kwa wavu uliokazwa vizuri, usiolegea hadi kugusa maji. Adui mbaya zaidi ni lava, yaani mtoto, wa kereng'ende. Mama yake hutaga majini au kwenye mimea, na lava hukaa chini kwenye tope, ana taya linalochomoka ghafla, na anaweza kumaliza vifaranga wengi bila wewe kuona dalili yoyote isipokuwa idadi kupungua. Funika chombo cha vifaranga kwa chandarua chenye matundu madogo, na kila wiki pitisha kijiwavu kwenye mimea na chini. Mimea mipya iloweshe kwenye ndoo ya peke yake kwa wiki mbili na uikague kabla ya kuitia. Wapo pia mende wa majini na kunguni wa majini waogeleao chali, ambao huruka usiku na kuvutwa na mwanga, kwa hiyo zima taa iliyo karibu na vyombo.

Alfajiri, joto na mvua

Maji ya nyuzi 20 hushika takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yale ya nyuzi 30 hushika 7.5 tu. Mchana mimea na mwani huongeza oksijeni. Usiku navyo huivuta, na alfajiri ndipo inapokuwa chini kabisa. Kwa hiyo kagua samaki wako kabla ya jua kuchomoza. Wakiwa juu wanahema usoni pa maji, toa nusu ya mimea, badilisha robo ya maji, na uweke pampu ya hewa usiku. Maji ya kijani kizito sana, ambayo huoni mkono wako ukiuzamisha sentimita 20, yapunguze kabla hayajaleta msiba.

Badilisha robo ya maji kila wiki, jioni au asubuhi, kwa maji yaliyokaa kando ya vyombo yakalingana navyo joto. Baada ya mvua kubwa pima pH na uangalie tabia ya samaki. Wakibana mapezi, ongeza maji ya kisima na chumvi isiyo na madini joto, gramu moja kwa lita.

Magonjwa

Karantini ya wiki mbili hadi nne kwa kila samaki mpya huzuia mengi kuliko dawa yoyote. Madoa meupe mithili ya punje za chumvi hutokea hasa baada ya usiku wa baridi. Hamishia wagonjwa ndani, pandisha joto taratibu hadi nyuzi 30 huku ukipuliza hewa, na utumie chumvi gramu 2 hadi 3 kwa lita. Ukiona nyuzi nyekundu zikitokeza mkunduni, hao ni minyoo ya Camallanus. Dawa yake ni levamisoli, na baada ya kuitumia nyonya uchafu wa chini kwa mpira, kwa sababu minyoo iliyolegea ikibaki humo itarudi. Kila chombo kiwe na kijiwavu chake.

Ukiwa tayari kwa wanaotaga mayai

Beta, yule samaki mpiganaji, ndiye wa kwanza kujaribu. Hatua zake ni zile zile za maji na chakula, ila chombo kiwe chini ya paa, kwa kuwa tone la mvua huvunja kiota chake cha mapovu. Kina cha sentimita 10 hadi 15 kinatosha, na jani kavu la mti wa mkungu likielea juu humpa dume mahali pa kujengea, na rangi ya kahawia linayoitoa inamfaa. Mwonyeshe dume jike akiwa ndani ya chupa inayoonyesha mpaka kiota kikamilike na jike aonyeshe milia ya wima, kisha wakutanishe. Mayai yakishatagwa mtoe jike mara moja. Huanguliwa baada ya siku moja au mbili, na vifaranga wakianza kuogelea kwa mlalo, mtoe na dume. Hao ni wadogo mno kwa moina. Wiki ya kwanza wape infusoria, wale vijidudu wanaozaliana kwenye maji yenye majani yanayooza, halafu artemia. Funika chombo ili hewa ya juu ibaki na unyevu na joto, hasa kuanzia wiki ya tatu wanapoanza kuvuta hewa ya juu ya maji.

Samaki malaika hutaga kwenye jani pana au kigae kilichosimamishwa, na hupenda kumchagua mwenza wenyewe, kwa hiyo lea wachanga sita au zaidi pamoja mpaka wawili wajitenge. Kwao nisingetumia maji ya kijani. Mayai yao hushikwa na kuvu kwa urahisi na yanahitaji maji safi.

Kuvua na kusafirisha

Vua asubuhi mapema. Siku moja kabla, usilishe, ili samaki wasichafue maji ya mfuko. Jaza theluthi moja ya mfuko kwa maji ya chombo chao na theluthi mbili kwa hewa, funga, na uweke kivulini. Anayepokea aelezwe kuuelesha mfuko kwa dakika 15 hadi 20, kisha kuongeza maji yake kidogo kidogo.

Wenye mgongo uliopinda na wasiofaa kwa uzazi wawekwe kwenye chombo cha kula viluwiluwi, au wagawiwe kwa mtu mwenye tangi. Kamwe wasitupwe mtoni. Gambusia, ndugu wa karibu wa gapi, alisambazwa duniani katika karne ya 20 ili ale mbu, na sehemu nyingi aliishia kuwadhuru samaki wadogo na vyura wa asili. Hata maji unayobadilisha yamwage kwenye udongo wa bustani, wala si kwenye mtaro unaoelekea mtoni, kwa kuwa kifaranga wa siku moja hupita kwenye mpira wa kunyonyea bila kuonekana, na jike mmoja mwenye mimba anatosha kuanzisha ukoo.